Nzi Wawili Walioitwa Mkasi na Chumvi

Kabla ya masomo ya jioni mimi nilijua nzi watatu tu duniani: nzi wa chakula, nzi wa choo, na mbung'o. Wa kwanza unampungia mkono, wa pili humwangalii, wa tatu unamkimbia. Niliishi na elimu hiyo miaka thelathini na kitu, nikiendesha pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare, na sikuona kwamba kuna kilichopungua.

Aliyeniharibia raha hiyo ni mwalimu wetu wa biolojia. Tulimwita Madame, kama walimu wote wa kike wanavyoitwa kwetu, ingawa nusu ya darasa walikuwa na umri wa kumzaa. Tulikuwa watu wazima tuliotoka kazini: wauza duka, fundi cherehani, wapiga matofali, mama wawili wenye wajukuu, na mimi mwenye vumbi la barabara mpaka ndani ya kope. Siku moja akaleta chupa ndogo, zile za sindano ya penisilini, ndani yake mdudu mrefu mwenye mabawa mawili. Akaipitisha mkono kwa mkono.

"Huyu ni nani?"

Nikajibu mbele ya wote, maana mimi sijawahi kunyamaza nikiwa sijui kitu. "Mbung'o, Madame! Tena baba yao!"

"Mbung'o anakunyonya wewe," akasema. "Huyu anamnyonya mbung'o."

Darasa likacheka mpaka mwangalizi wa shule akaja kuchungulia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeinua chupa karibu na taa, na yule mdudu alikuwa ananitazama.

Madame alimwita nzi mnyang'anyi. Hali maiti, hagusi sukari, hajali jasho la mtu. Anakaa kwenye ncha ya kijiti juani, anageuza kichwa huku na huku kama askari wa kizuizi, na kitu chochote kikipita hewani kwa kipimo chake, anaruka, anakikumbatia kwa miguu sita yenye miiba, anakichoma kisogoni kwa mdomo mgumu, anarudi kukaa palepale alipokuwa. Ndani ya yule aliyechomwa nyama inageuka kuwa mchuzi. Nzi anafyonza, anaangusha ganda tupu. Kati ya macho yake mawili makubwa kuna bonde, na chini ya bonde hilo, usoni, ana ndevu. Ndevu kabisa! Madame alisema zinamlinda yeye, mateka wake anapopiga mateke. Tangu siku hiyo, nikisimamisha pikipiki njiani kukojoa, nilitazama kwanza vijiti.

Mtu wa kawaida akiwa na macho mawili, Madame alikuwa na matatu: la tatu ni lensi ndogo ya kukuza aliyoifunga kwa uzi shingoni, ikining'inia pamoja na msalaba wake. Alizaliwa upande wa Kabambare, mbele ya Lusangi, katika ukoo wa warina asali, na kwao huko wanazungumza Kibangubangu nyumbani na Kiswahili barabarani. Utotoni alifukuzwa mizingani kwa sababu badala ya kushika moshi alikuwa anaangalia nani anakula nyuki. Basi aliendelea kuangalia. Kila likizo ya kiangazi alirudi kwao kukamata wanyang'anyi, akawakausha, akawachoma pini, akawapanga ndani ya masanduku ya viatu. Watu wa Kasongo walisema ana masanduku mengi ya viatu na jozi moja tu ya viatu. Ilikuwa kweli.

Katika masanduku hayo kulikuwa na siri yake. Nzi mmoja wa kwao, mwenye rangi ya majivu na miguu ya kahawia, ambaye kila mtu aliyemwona alimwita mmoja, yeye alisema ni wawili. Alinionyesha mwaka ule nilipopata diploma yangu, nikiwa na watoto wanne na mvi sita. Aliwaweka wawili sambamba chini ya lensi.

"Unaona nini?"

"Pacha," nikasema.

"Tazama ndevu."

Nikatazama. Mmoja alikuwa na ndevu nyeupe. Wa pili, nyekundu, kama mzee aliyepaka hina. Nywele zenyewe zilikuwa fupi kuliko ukope wa kuku, na yule mama alikuwa amezisoma miaka saba! Mwenye ndevu nyeupe, akasema, anakaa kwenye magogo yaliyooza pembeni ya msitu. Mwenye ndevu nyekundu anakaa kwenye nyasi kavu kando ya barabara, karibu na mizinga ya yaya yake. Yaya, yaani ndugu yake mkubwa, ndiye aliyerithi nyuki za baba yao.

Na ni yaya huyo aliyempigia simu Jumapili moja ya kiangazi. Nilikuwepo, nilikuwa nimemletea gunia la mkaa. Sauti ya mzee ilisikika bila kuweka spika. Nadhani hata bila simu tungeisikia kutoka Kabambare.

"Mdogo wangu! Nzi zako zimemaliza nyuki zangu! Mizinga mitatu iko kimya! Siku ya posho nachoma!"

Kwetu siku ya posho ni Jumamosi.

"Unachoma nini, yaya?"

"Yote! Nyasi, magogo, mpaka kwenye msitu. Wakose pa kukaa."

Madame alijua maana yake. Watoto wa nzi wale wanakulia udongoni na ndani ya mbao zilizooza. Magogo yakiungua, kizazi kizima kinaungua. Na mwenye ndevu nyeupe hakuwahi kumwona popote pengine, si Nyangwe, si Kasongo, si njia ya Salamabila, ila kwenye yale magogo ya baba yao. Alikata simu akaniambia taratibu, "Atachoma asiyekula nyuki pamoja na anayekula. Na mimi sitaweza tena kusema kwamba walikuwa wawili."

"Tunaondoka saa ngapi?" nikauliza.

Barabara ya Kabambare wakati wa kiangazi sitaieleza sana, watu watasema natia chumvi. Nitasema tu kwamba vumbi lake jekundu likikupata vizuri, ukikung'uta shati unapata tofali. Pikipiki za Salamabila zinapita mbio na mizigo, moja ikikupita unabaki ndani ya wingu kama Musa mlimani. Tulifika jua likiinama, na mke wa mzee aliponiona akauliza ni nani huyu mzungu mwekundu.

Mzee wa nyuki alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono isiyohisi kuchomwa. Alimkumbatia mdogo wake, akanisalimia, akatuwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, na tulipokwisha kula ndipo akafungua kesi.

"Nimeona kwa macho yangu. Nzi inamukamata nyuki hewani, pap! Sawa kipanga na kifaranga. Mara moja, mara kumi, mara mia. Wewe unaniambia nini?"

"Nakuambia ni nzi wawili, yaya. Mmoja mwizi, mmoja si mwizi."

"Wawili? Mimi nimekaa na nzi hawa kabla wewe kuota meno. Ni nzi moja."

"Ni wawili."

"Basi nionyeshe. Nionyeshe mwizi, unionyeshe na yule asiye mwizi. Mpaka siku ya posho. Ukishindwa, kiberiti iko pale." Akaelekeza kidole darini, ambako kweli kulikuwa na kiberiti kimechomekwa kwenye majani ya paa.

Tukaanza Jumanne. Madame alikuwa na kanuni moja, na aliishika kama watu wanavyoshika saumu: tunakamata tu nzi tuliyemkuta na mateka mikononi. Asiyekula, tunamwacha. Kila anayekula anaingia chupa yake pamoja na alichokuwa anakula, na kikaratasi cha penseli: namba, mahali, saa. "Usiniambie anapenda kula nini," alisema. "Niambie alikuwa anakula nini."

Yeye alikwenda magogoni, mimi nikapewa nyasi na barabara. Huwezi kuamini ufundi wake. Alitembea kwa magoti, kivuli chake akikiweka nyuma, pumzi ameizuia, wavu wa chandarua mkononi, mpaka hatua mbili kutoka kwa mdudu anayeona pande zote. Kisha mkono ukageuka, tena polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mimi niliwarukia kama golikipa. Jumanne yote nilipata watatu na nikapasua suruali.

Asubuhi ya Jumatano tulikuta sisimizi wameingia sandukuni, mpaka ndani ya chupa tulizoziacha wazi ili nzi wakauke. Madame alizoea kuwakausha nzi wake mjini, lakini sisimizi wa kijiji kile hawakujua sayansi. Walikuwa wamekula kichwa cha mmoja na tumbo la mwingine.

"Tunahitaji pombe kali," akasema Madame. "Tuwatie ndani. Kuna mama mmoja njia panda, anapika lotoko ya mahindi. Nenda ulete chupa mbili."

Mimi ni Mwislamu wa Kasongo, mtoto wa Waislamu wa Kasongo, na babu zangu walikuwa Waislamu wa Kasongo kabla mji haujawa na bati hata moja. Nikaenda. Niliegesha pikipiki mbali, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikajifanya mdogo. Yule mama mpika lotoko akanitazama toka miguu mpaka kichwa, akabaki kwenye kichwa. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya sala. Nilisahau kuivua.

"Shehe," akasema, "leo iko namna gani?"

"Si yangu, mama. Ni ya nzi."

"Eee, wote wanasema hivyo. Mwingine alisema ni ya mkwe."

Niliporudi na chupa zangu mbili chini ya koti, nilipitia barabarani na bahati yangu ikafunguka. Wanyang'anyi walikuwa wamejaa kwenye mabua makavu, kila mmoja na chakula chake. Nilikamata kumi na wawili kabla ya jua kuinama! Na wote, wote kabisa, ndevu nyekundu. Nikampelekea Madame kwa mbwembwe, kama mtu aliyeleta mahari.

Alikuwa amekaa uani, chupa zake mbele yake juu ya kinu kilichopinduliwa. Alimimina lotoko katika chupa ya kwanza niliyoleta, akaitikisa kidogo, akaiinua juani. Pombe ikawa nyekundu kama chai. Akamimina ya pili. Nyekundu. Ya tatu. Akamtoa nzi kwa kibano, akamweka kwenye kitambaa, akainama na lensi.

Ndevu zilikuwa nyeupe kama pamba.

Sikuelewa haraka. Nilidhani lotoko ile ni kali mno, inaotesha mvi. Lakini Madame alikuwa ameelewa, na nilimwona akielewa, na sitaki kumwona mtu tena namna ile. Ndevu nyekundu hazikuwa nyekundu. Lilikuwa vumbi. Nzi wanaokaa kando ya barabara wanapakwa na pikipiki za Salamabila kama sisi sote, na yeye, ambaye siku zote aliwakausha bila kuwaosha, alikuwa amelisoma vumbi la barabara miaka saba.

Mke wa mzee alikuja kutazama, akaona uso wa Madame, akarudi jikoni.

Mimi nikaanza kutafuta maneno. Nikasema labda lotoko imechuja rangi yenyewe. Nikasema labda hawa kumi na wawili ni wa kabila jingine. Ningeweza kuendelea mpaka kesho.

"Apana," akasema. "Kosa ni langu. Nilipenda ile alama kwa sababu ilikuwa rahisi." Akafuta lensi kwa pindo la kitenge. "Labda yaya ana haki. Labda ni mmoja." Kisha, nusu saa baadaye, huku mimi nikidhani amekwisha kukata tamaa na ninapanga mizigo kichwani, akasema, "Tuwaoshe wote. Hata wa magogoni. Tuanze upya."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi nina diploma na yeye ana elimu.

Alhamisi hakutoka uani. Aliwapanga wote, waliooshwa, weupe wa ndevu, wenye miguu ileile, mabawa yaleyale, mishipa ya mabawa ileile aliyoihesabu kwa ncha ya sindano. Majike akawaweka kando, hawakumwonyesha kitu. Akabaki na madume. Alifuata kila nzi kutoka kichwa kwenda chini, kama fundi anayetafuta mshono uliokosewa, na mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia mwavuli na kunyamaza, na niseme wazi kwamba mwavuli ulikuwa rahisi zaidi. Jua lilipofika utosini akasimama kwenye ncha ya mwisho ya mkia. Akatazama mmoja. Akatazama mwingine. Akarudi kwa wa kwanza. Akacheka peke yake, kicheko kidogo cha puani.

"Njoo uone."

Dume la nzi mnyang'anyi lina vishikio viwili mwishoni mwa mkia, vya kumshika jike. Nikaweka jicho. Wa kwanza, vishikio vyake vilikuwa virefu, vimepinda, ncha zimepishana. "Mkasi," nikasema. Akabadilisha. Wa pili vyake vilikuwa vifupi, vinene, ncha zimekutana taratibu, sawasawa na vidole vya mama anayechukua chumvi kidogo kutia kwenye mboga.

"Chumvi," tukasema pamoja.

Hakukuwa na wa katikati. Tuliwapitia wote, chupa kwa chupa, yeye akitazama bila kuangalia kikaratasi, mimi nikiandika. Mkasi, mkasi, chumvi, mkasi, chumvi. Tulipomaliza ndipo akaniruhusu kusoma vikaratasi. Mkasi tisa, na saba kati yao walikuwa na nyuki. Chumvi kumi na wanne, na karibu wote walikuwa na vyakula vingine: panzi wadogo, nzi wa kawaida, mbawakawa, na mmoja, nilimwona mwenyewe na nikampigia makofi, alikuwa na mbung'o. Mkasi walitoka kwenye nyasi na barabara. Chumvi, magogoni.

Lakini kwa chakula nimesema karibu wote. Chumvi mmoja, chupa namba ishirini na tatu, alikuwa amekumbatia nyuki.

Niliishika ile chupa kidogo. Nikairudisha sandukuni, chini, nyuma ya nyingine. Nilidhani Madame hakuona.

Sasa ikabaki kumwambia mzee, na hapo tukagonga ukuta ambao hakuna kitabu cha biolojia kinautaja. Kwao, dada na kaka hawazungumzi mambo ya tupu. Hata ya mbuzi. Madame angeweza kumwambia yaya yake kuhusu mdomo wa nzi, macho ya nzi, tumbo la nzi mpaka usiku uingie, lakini ushahidi wake wote sasa ulikuwa mahali pasipotajika.

"Utasema wewe," akaniambia. "Mimi nitakuwa jikoni. Sema mkia. Sema mkasi, sema chumvi. Usiseme zaidi."

Ijumaa alasiri, nilipotoka kusali, mzee akakaa kwenye kiti chake cha kukunja. Majirani wawili walikuja pia. Habari ya nzi wanaolewa lotoko ilikuwa imetembea. Mimi nikasimama na lensi mkononi kama wakili. Jikoni, nyuma ya ukuta wa miti, sufuria zilikuwa kimya kuliko sufuria zinavyokuwa.

"Mzee, tazama mkia wa huyu."

Akatazama. "Iko nini hapo?"

"Mkasi."

"Hmm. Mkasi ya kukata nini?"

"Ya… kushikia."

"Kushikia nini?"

"Mambo yake, mzee."

Akainua kichwa, akanitazama, akatazama upande wa jikoni, akanitazama tena. Akarudisha jicho kwenye lensi na mabega yakaanza kutikisika. "Kumbe! Bwana Diplome! Umesoma masomo ya jioni ili uchungulie nzi nguo za ndani!" Majirani wakaanguka. Mmoja akataka naye aone, mwingine akasema yeye ameokoka. Lakini mzee hakuacha kutazama. Nilipomwekea wa pili alitulia, akasogeza kiti juani, akatazama muda mrefu, akiomba huyu, akiomba yule, kwa namna ileile ya mdogo wake, pumzi imezuiwa. Ni ukoo mmoja.

"Wawili," akasema mwishoni. Hakulipenda neno hilo, lakini alilisema. "Ni wawili. Na mwizi?"

"Mkasi!" nikasema, na kwa furaha hiyo kamba ikanikatika. "Mkasi ndiye mwizi, mzee, jambazi la kuzaliwa! Huyu Chumvi ni mtu wa swala tano. Tangu Nuhu ashuke kwenye safina Chumvi hajagusa nyuki. Ukimwekea nyuki mbele na asali juu, anageuza uso. Hajawahi, hatawahi, mimi naapa…"

"Si kweli!"

Sauti ilitoka jikoni. Sufuria ikaanguka. Madame akatoka, mikono ina unga mpaka viwikoni, akapita mbele yangu bila kunitazama, akafungua sanduku, akatia mkono nyuma ya chupa zote, akatoa namba ishirini na tatu. Akaiweka juu ya goti la yaya yake.

"Huyu ni yule wa magogoni," akasema, akitazama chini. "Na huyo ni nyuki wako. Ni mmoja katika kumi na wanne, lakini yupo."

Mimi nilitamani ardhi inimeze na pikipiki yangu. Mzee aliigeuza chupa, nyuki akageuka ndani ya lotoko, miguu ya nzi bado imemzunguka.

"Huyu kijana wako alikuwa ameshanishinda," akamwambia. "Kwa nini umeniletea hii?"

"Kwa sababu ulisema nikuonyeshe."

Akakaa na chupa. Jirani aliyeokoka akasema kwa sauti ndogo kwamba mwizi ni mwizi, awe mmoja, awe kumi. Mwingine akasema njo vile, ndiyo hivyo, uchome tu uwe na amani. Unga ulikuwa unakauka mikononi mwa Madame na alikuwa anaubandua kidole kwa kidole.

"Mimi," mzee akasema hatimaye, si kwa majirani, si kwa mtu, "niliiba asali ya baba mara moja. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama bado. Nilikula kikombe kizima, nikaumwa tumbo siku mbili. Baba alijua. Hakunichoma."

Akamrudishia chupa.

"Nyasi nachoma. Barabara yote, mpaka mizinga. Huyo Mkasi asiniombe msamaha. Magogo naacha. Lakini moto haujui kusoma mikia, mdogo wangu. Kama unataka moto ubaki upande mmoja, tutafyeka mpaka, na tutafyeka sisi wote. Na huyu Diplome atafyeka wa kwanza, kwa sababu ya Nuhu."

Nilifyeka. Siwezi kusema ni urefu gani, nikisema hamtaniamini, ila nilipomaliza mikono yangu ilikuwa imekuwa minne na yote inauma. Tuliacha ukanda mtupu wa udongo kati ya nyasi na magogo, tukamwaga maji pembeni, na Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaamka, mzee akachomoa kiberiti chake darini. Nyasi zilishika kwa kishindo. Mizinga ya karibu walikuwa wameishusha usiku na kuihamisha upande wa mtoni. Tulisimama kwenye ukanda wetu, kila mtu na tawi bichi, tukipiga kila cheche iliyoruka. Mara moja moto ulivuka, ukalamba gogo la mwisho, na aliyefika wa kwanza ni mzee mwenyewe, akiupiga kwa tawi na kwa mguu na kwa matusi ya Kibangubangu ambayo Madame alikataa kunitafsiria.

Jumapili watu wa kijiji walirudi kutoka kanisani, wanawake wakiwa na ndoo za kumwagia gogo lile lililokuwa bado linatoa moshi. Tulikuwa kama watu kumi na watano tunapita kwenye majivu, tunaongea sote kwa pamoja. Madame alikuwa ametangulia. Tulimkuta amelala kifudifudi juu ya udongo, na nguo yake ya kanisani, uso hatua moja kutoka kwenye magogo, na mkono mmoja ameuinua nyuma, kiganja wazi.

Mzee akasimama, akafungua mikono yake mirefu kuzuia njia yote.

"Simameni!" akanong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka Lusangi. "Weka ndoo chini. Wewe, usikanyage. Anaangalia."

Tukasimama. Ndoo zikashushwa moja moja. Mtoto alilia mgongoni, mama yake akamtikisa bila kutoa sauti. Hatukuona kitu, sisi, ila mbao nyeusi na moshi. Tulisubiri hivyo, kijiji kizima kimya juani kwa ajili ya nzi, mpaka Madame akashusha mkono, akageuza uso uliojaa udongo na tabasamu.

"Dume," akasema. "Ana panzi."

Akatazama tena kwa lensi, kwa muda, asije akakosea.

"Chumvi."